Mlango wa Fundi

Fundi alikuwa amekaa kwenye kizingiti chake anakunja pindo la sketi ya shule kwa mkono, kwa sababu cherehani yake ilibebwa siku ya vurugu kati ya pande mbili za barabara. Ilibebwa mchana kweupe, ila mtaa mzima ulikuwa umejifungia ndani, kwa hiyo hakuna aliyeona. Tangu hapo vidole vyake vimekuwa kama chujio na wateja wanapukutika. Nani asubiri sketi wiki nzima?

Jioni hiyo ilikuwa ya kubadilishana funguo. Kamati ya Maridhiano ilishapanga: nyumba za upande wa juu wa barabara na za upande wa chini, zinazotazamana, kila mwenye nyumba ampe mwenzake ufunguo wa akiba. Eti ukishika ufunguo wa mtu, huwezi tena kumchomea nyumba. Fundi akampa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, kinyozi naye akampa wake. Wakashikana mikono, wakapigwa picha.

Mama yake, anayeishi naye, alikuwa amemshauri atoe ufunguo wa kabati. Fundi akakataa. Akasema safari hii lazima mtu aanze.

Usiku hakupata usingizi. Paka akitembea juu ya bati, moyo unampaa.

Asubuhi akafungua mlango amwage maji ya kunawia, akajikuta sebuleni kwa kinyozi. Mlango wake ulikuwa umehamia kwenye ukuta wa huko, kati ya kalenda na kioo. Kinyozi alikuwa anakunywa chai. Akakunja miguu ili apite.

"Karibu, dada. Maji kamwage uani."

Akaenda akamwaga. Wakati anarudi ndipo akaona pale kwenye kona gurudumu limechungulia chini ya kitambaa cha meza. Kwenye mpini wake kulikuwa na tambara jekundu, lile alilolifunga mwenyewe mpini ulipopata ufa.

"Hiyo cherehani ni yangu."

"Si tulishasameheana jana?" kinyozi akasema, polepole, kama ananyoa mtoto. "Tena mbele za watu."

Fundi akatoka nje. Kwake, palipokuwa na mlango, ukuta ulikuwa umenyooka, na plasta imekauka vizuri. Madirisha yana nondo, kwa hiyo njia ni moja tu. Mtaani watu kadhaa walikuwa wanapita na ndoo zao kwenye sebule za wengine, wanaombana radhi. Akachukua ufunguo aliopewa na kinyozi, akaujaribu kwenye mlango wa kinyozi. Haukuingia. Ulikuwa wa kufuli ya baiskeli.

Wengine nao walikuwa wanajaribu funguo walizopewa, na hapo kila mtu akaelewa. Waliotoa ufunguo wa kweli, wawe wa juu au wa chini, milango yao imehama. Waliotoa wa uongo, milango yao iko palepale. Ulikuwa unatembea tu barabarani unajua nani ni nani. Lakini hakuna aliyesema, maana walioongopa walikuwa wengi, na sasa njia za wenzao zinapita kwao.

"Wa kabati ungetutosha," mama yake akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Mwenyekiti wa kamati akaja na futi. Akaupima mlango pale kwenye ukuta wa kinyozi, akasema fremu imekaa sawa kabisa. Fundi akamwonyesha tambara jekundu. Mwenyekiti akalitazama, kisha akatazama saa.

"Fundi, hii ni kamati ya amani, siyo ya cherehani. Tusifukue makaburi."

Basi siku hizi Fundi akirudi na mzigo wake wa sketi anapiga hodi kwa kinyozi ili aingie kwake. Mke wa kinyozi anakuwa anashona. Ameanza kupata wateja, wengine ni wale wale wa Fundi, ila uzi unamsumbua.

"Wifi, hebu nitungie," anaomba, na wala hana ubaya.

Fundi anatunga, anakaza skrubu ya kushikia sindano ambayo hulegea, anapewa asante. Anafungua mlango wake, anaingia, anakaa karibu na taa aanze mapindo.

Halafu anasikia ufunguo wake wa akiba ukizungushwa kwa upande wa pili. Kinyozi alishamweleza kwamba anamfungia kwa usalama wake, maana dunia imeharibika, huwezi kumwamini kila mtu.