Antivol ya Mpoyi

Kalenga, fundi wa umeme wa magari hapa Musonoi, alipenda sifa kuliko chakula. Mwaka ule Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walipoanza kufukuzwa Katanga, jirani yake Mpoyi, naye Mkasai, alimwomba amfungie antivol, kizuia-wizi, kwenye motokari, asiibiwe chombo cha kuitorosha familia yake. Kalenga akaficha chini ya usukani kijisanduku cha kielektroniki chenye kijifunguo chake. Bila kijifunguo hicho mafuta hayafiki kwenye injini, stata haizunguki, hata mwizi aunganishe waya mpaka achoke.

Vijana waliokuwa wakiwafukuza Wakasai wakawahi kabla hajaondoka. Walimpiga Mpoyi, wakamfukuza na mkewe Bilonda kwa miguu mpaka stesheni, wakabaki na nyumba. Motokari ikawagomea.

Kesho yake Kalenga aliwakuta wakikata waya zake ovyo. Si angepita zake tu? Nani alimwita? Lakini kuona kazi yake inakatwakatwa kama majani ya sombe kulimuuma, na ulimi hauna mfupa.

"Hapana huyo waya!" akasema. "Mutaharibu bure!"

Wote wakageuka.

"Kumbe fundi ni we!"

Mmoja akamwonyesha panga. Kalenga akainama chini ya usukani, akakitoa kijisanduku, akaunganisha waya. Injini ikawaka mara moja, na vijana wakamshangilia. Kwa dakika hiyo alifurahi, Mungu anajua alifurahi, na hilo ndilo lililomchoma zaidi alipofika nyumbani.

Jioni alipeleka unga na samaki stesheni, ambako watu walilala chini wakingoja treni. Bilonda alipokea kwa mikono miwili.

"Asanti sana, tata Kalenga. Walau motokari yetu hawataiendesha."

Kabla hajajibu, motokari yenyewe ikapita barabarani, vijana wamejaa ndani wakipiga honi. Bilonda akaitazama mpaka ikapotea.

"Balinitisha, mama," Kalenga akasema kwa haraka. "Balinionyesha panga."

Mpoyi, uso umevimba, jicho moja limeziba, akamshika mkono kwa huruma.

"Pole, ndugu yangu. Mi balinipiga sana juu nitaje jina ya fundi. Nilibaambia ni mutu wa Lubumbashi, alisharudia kwao. Balikubali, baliacha kunipiga."

Mkono wake ukalegea.

"Sasa we, balikujua namna gani?"