Ulimi wa Rimma Kosareva

Basi lilikuwa limeshaiacha hosteli ndipo Rimma Kosareva alipokumbuka kwamba vikinga vyake vya mikono, vile vya ngozi vya kushikia miti ya kubembea, amevisahau juu ya hita. Akatukana kimoyomoyo, tusi ambalo bingwa wa Umoja wa Kisovieti hatakiwi hata kulijua.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kwenye timu walimwita bibi. Leo ni fainali. Akiboronga, nafasi yake ya kwenda mashindano ya dunia anaichukua Larisa, kitoto cha miaka kumi na mitano kilichokaa kiti cha nyuma kikitafuna tufaha bila haya, na yeye anarudishwa Voronezh kufundisha watoto wa chekechea kupinduka. Hakutaka. Alikuwa bado anaupenda mchezo huu wa jimnastiki, goti bovu na yote.

"Arkadi Lvovich, nimesahau vikinga."

Kocha uso ukamshuka. "Turudi? Siku ya fainali? Tumeshakaa juu ya mabegi, tumenyamaza, safari tumeshaiaga, halafu turudi? Mkosi huo, Rimochka! Bembea mikono mitupu."

"Nichunike viganja?"

"Vitaota vingine."

Hapo akadakia Ndugu Gusakov, mtu wa chama aliyetumwa kuichunga timu isije ikafikiri. "Aibu! Mwanachama mzima unaogopa mikosi kama bikizee wa kijijini! Dereva, geuza!"

Dawa ya mkosi huo kila mtu anaijua: ukishaingia ndani, jitazame kwenye kioo, ujitolee ulimi, kisha uondoke zako. Lakini Gusakov alimfuata mpaka chumbani, akasimama mbele ya kioo kwa kitambi chake chote.

"Chukua, twende. Na usithubutu."

Rimma hakuthubutu.

Ukumbini, kwenye ubao mwembamba, ambao angeweza kulala juu yake akakoroma, akaanguka. Kwenye zulia la kupindukia goti likamgomea. Larisa akampita, na ikabaki miti ya kubembea tu. Kocha alimkodolea Gusakov macho kama anayemtazama mbwa aliyekula nyama ya sikukuu. Gusakov naye jasho lilimtoka, maana alikuwa amewaapia wakubwa zake kwamba Kosareva hashindwi.

Rimma alikuwa akijipaka chaki, mikono ikimtetemeka, pale Gusakov alipomjia upandeupande kama muuza mali ya wizi. Akachomoa mfukoni kioo kidogo anachotumia kulazia nywele zake chache zilizobaki.

"Jitazame."

"Nini, Ndugu Gusakov?"

"Jitazame, toa ulimi, fanya haraka! Na mimi sijakwambia kitu."

Rimma akatazama. Ndani ya kioo alimwona mwanamke mwenye chaki puani, amekufa kwa hofu. Anamhofia nani? Mtoto mla matufaha? Au huyu mzee aliyeshika kioo kwa mkono unaotetemeka kuliko wake? Kicheko kikampanda. Akainua uso juu ya kioo, akamtolea ulimi Gusakov mwenyewe, wote, mpaka shina lake.

Kisha akaenda kubembea. Ukishamtolea ulimi mtu wa chama, miti miwili ni nini? Alizunguka, akaachia, akadaka, akaruka, akatua. Goti lilipiga yowe, yeye hakutikisika. Alama zilipotangazwa, alikuwa amempita Larisa kwa nukta, akalia mbele za watu bila kujifuta.

Gusakov akahutubia kwa kirefu: ushindi huu ni matunda ya fikra za kisayansi.

Basi lilipoanza kuondoka, akajishika kichwa. Kofia yake ya manyoya ilibaki ukumbini, na nje theluji ilikuwa haina huruma.

"Tugeuze, Ndugu Gusakov?" Rimma akauliza kwa sauti tamu. "Si iko palepale kitini?"

Gusakov akautazama mlango wa ukumbi, akamtazama Rimma.

"Endesha," akamwambia dereva, akajifunga skafu kichwani, fundo chini ya kidevu.

"Bibi Rimma," Larisa akapaza sauti kutoka nyuma, "umepata mwenzio!"

Wakaangua kicheko wote, na bibi, goti limemvimba na nafasi bado ni yake, akacheka kuliko wote.