Mtoto Aliyefunikwa Akiwa na Meno

Mimi ni wa kumi na sita. Kwetu Samosir, kisiwa kilicho katikati ya ziwa, watu wa ukoo mmoja wakikutana ugenini huulizana namba kabla ya kuulizana afya: wewe ni kizazi cha ngapi toka kwa babu wa kwanza? Ukishaijua namba ya mtu unajua umwite nani, na nani akae juu ya mkeka, nani pembeni. Ndiyo maana mimi Marudut wa ukoo wa Simardolok, na miaka yangu sabini na mitatu, namwita Baba Jonggi "baba mdogo". Yeye ni wa kumi na tano. Alizaliwa wakati mimi nimeshafukuzwa kazi kwenye meli ya pili. Dada yake Rumondang, mwenye miaka thelathini na minne, ni shangazi yangu, na tukikutana njiani mimi ndiye ninayeanza kuamkia.

Nyumba yetu, ya tatu kati ya matawi matatu ya ukoo, imekuwa hivyo siku zote: hatua moja nyuma ya wenzetu. Tulitaniwa shuleni, tukataniwa kanisani. Tulidhani babu zetu waliwahi tu kuoa.

Niliondoka nikiwa na miaka kumi na tisa. Nimepika kwenye kambi za mbao Kalimantan, nimechomelea mabomba Sorong, nimelinda maghala Makassar. Kote huko jina ndilo lililonipa pa kulala. Unalitaja bandarini, baada ya siku mbili tatu anatokea mtu usiyemjua, anauliza namba, anakupeleka kwake kula. Nilirudi miaka sita iliyopita kwa sababu mapafu ya kaka yangu Tahi yalikuwa yanakwisha.

Tahi alikuwa na jambo moja tu analolisubiri. Ukoo ulikuwa umejenga mnara wa kaburi kando ya ziwa, na Julai mifupa ya wazee wa nyumba zote tatu ingefukuliwa, ioshwe, iwekwe humo pamoja na babu Binsar wa kizazi cha kumi, tunayetokana naye sote. Baba yetu alikuwa amelala mlimani, ukingoni mwa shamba la mihogo, miaka arobaini na mmoja. Mimi sikuwepo alipozikwa. Barua ilinifikia Sorong baada ya miezi mitano. Tahi alimzika peke yake, akamwahidi pale pale kwamba hapo ni pa muda.

Sasa, Rumondang anafanya kazi Jakarta, kwenye maabara ya kusoma urithi ulio mwilini mwa watu. Alikuwa amejipa kazi ya kuuhesabu ukoo. Akatuambia tuko elfu sita na kitu, na kati ya hao kisiwani tumebaki kama mia nne. Waliobaki wako Medan, Jakarta, na kwenye mashamba ya michikichi huko Riau. Alitaka kujua kama kweli wanaume wote wa jina hili wametoka kwa mwanamume mmoja, maana kuna kitu, alisema, ambacho baba humpa mwana wa kiume bila kuchanganya na cha mama. Pasaka akaja na vijiti vya pamba vya kupitisha ndani ya shavu.

Watu walimiminika kilabuni kwa kuchekeshwa zaidi kuliko kwa elimu. Mmoja alitaka kujua kama kijiti kinaweza kumtambua aliyemla nguruwe wake. Tahi alikataa, akasema mate yake yana kazi nyingine. Mimi nilifungua mdomo wa kwanza, kwa mbwembwe, kisha nikawavuta wenzangu watano wa nyumba ya tatu. Hilo ni langu, silikwepi.

Majibu yalikuja Juni. Nilikuwa natandaza kahawa uani kwa Tahi, Rumondang akaja akachuchumaa karibu yangu, akawa anazipanga punje kwa kidole bila sababu.

"Nyumba ya kwanza na ya pili ni mtu mmoja," alisema. "Ninyi sita nanyi ni mtu mmoja. Ila si yule."

"Ni nani basi, shangazi?"

"Simjui jina. Watu wenu wa karibu wengi wako Nias."

Nilimuuliza kama kuna mke aliyeteleza. Akasema hapana, sisi sita tunakutana kwa babu wa kizazi cha kumi na mbili, na wote tunaye yule yule. Huyo mwenyewe ndiye aliyekuja. Sikuuliza alikuja kwa nini. Nias ni kisiwa cha baharini, magharibi mwetu, na kwetu ile ya enzi zile haiulizwi. Watoto walivushwa bahari, wakauzwa pwani, wakapandishwa milimani kwa miguu. Hata leo, mtu akinong'ona kwamba nyumba fulani ilianzia kwa mtumwa, harusi inavunjika.

Nikauliza nani mwingine ameiona karatasi. Akasema kaka yake, Baba Jonggi, kwa kuwa ndiye mwenyekiti wa kamati ya sherehe. Alimpa akidhani atafurahi kwamba nyumba mbili zimethibitika. Punje zake zote zikawa zimepangwa.

Baba Jonggi hakukawia. Alikuja kesho yake mchana na samaki mkubwa aliyepikwa kwa manjano, kama anavyoleta mtu mwenye adabu na jambo zito. Alizungumza na Tahi kwa upole, tena kwa muda mrefu. Alisema mnara ni wa mifupa ya damu ya Binsar, na waliochangia wameambiwa hivyo. Alisema hapo zamani aliyenunuliwa hakulazwa kaburi moja na aliyemnunua, na si yeye aliyetunga desturi hiyo. Alisema kamati iko tayari kuisaidia nyumba ya tatu kujenga kaburi lake, zuri, la vigae, kando ya barabara watu wakipita waone.

Tahi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Tangu uko mgongoni kwa mama yako nakuita baba mdogo," alisema. "Leo nikuiteje?"

"Babu Tiur, si mimi ninayesema." Babu Tiur ndilo jina la heshima la kaka yangu, kwa mjukuu wake wa kwanza. "Ni karatasi."

"Karatasi haina mdomo. Umeiazima wako."

Baba Jonggi alimtazama yule samaki, akaaga. Samaki hakuliwa. Tahi alikohoa mpaka macho yakamwiva, na aliposhusha pumzi akaniambia, "Wewe ndiye uliyefungua mdomo. Haya, nenda ukafunge. Nenda kwa wajomba."

Wajomba wa shina, watu wa ukoo wa Sipanjoruan, ndio waliomtoa mke wa Binsar. Kwetu waliokupa mama wako juu yako daima, hata kama unawazidi kila kitu, na hakuna sherehe inayoanza kabla hawajaleta ulos, shuka la kufumwa wanalowafunika nalo wapwa wao: mtoto anapozaliwa, bibi harusi anapoolewa, fuvu linapofukuliwa. Nilivuka kwa kivuko, nikapanda juu uwandani nyuma ya pikapu iliyojaa kabichi.

Mkubwa wao sasa ni Bibi Tiarma, ameshapita tisini. Nilimkuta anachambua vitunguu. Nikamweleza yote, kijiti, Nias, samaki, sikubakiza kitu, maana ukienda kwa mjomba na nusu ya habari unarudi na nusu ya baraka. Nilitarajia anifukuze. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kumbe ndiye mwenye meno," alisema.

Kwao, alinieleza, mtu akichelewa kufanya jambo huambiwa anafunika mtoto mwenye meno, na watoto wa siku hizi wanausema utani huo bila kujua umetoka wapi. Yeye aliupata kwa babu yake. Binsar alikuwa na wana watatu, wawili bado hawajapata watoto, na wa tatu, Togar, alifariki kabla hajaoa. Mwaka uliofuata Binsar alipanda huku uwandani na mtoto anayetembea kwa miguu yake, kinywa kimejaa meno, asiyejua hata neno moja la lugha yetu. Akawaomba shemeji zake wamfunike shuka kama mtoto wa Togar, ili Togar asifutike. Walibishana siku mbili, shuka ni la kichanga, huyu anatafuna nyama. Mwishowe wakamfunika.

Basi nikaelewa. Aliingia kama mjukuu wala si mwana, kabla ya wajukuu wengine kuzaliwa, na sisi tukabaki hatua moja nyuma kwa haki kabisa.

"Alikuwa amenunuliwa, bibi?"

"Babu hakusema alipatikanaje. Alisema tu kwamba walipomzungushia shuka alipiga kelele sana, akidhani anafungwa kamba."

Akarudi kwenye vitunguu vyake. Nilikuwa nimesimama tayari kuondoka aliposema, bila kuinua kichwa, nimwambie huyo mwenye karatasi kwamba wanakuja.

Siku ya sherehe nilimfukua baba asubuhi kwa mikono yangu, na mifupa nikaiosha kwa maji ya ndimu na manjano, Tahi akinielekeza kutoka kwenye kiti. Tuliiweka kwenye sinia, tukaiteremsha uwanjani. Jina la nyumba yetu halikuwamo kwenye orodha ya kamati. Tukakaa pembeni, na watu tuliokula nao miaka yote wakawa wanapita wakitazama mbele.

Saa nne wajomba wakafika, watu kama thelathini, Bibi Tiarma amebebwa kitini. Walisimama langoni, hawakuingia. Ngoma zikanyamaza. Baba Jonggi akawakaribisha kwa kipaza sauti, mara mbili. Bibi Tiarma akangoja amalize.

"Tumeleta mashuka saba," alisema, na sauti yake haikuhitaji kipaza. "Tuliyemfunika ni mpwa wetu, na waliotoka kwake ni wapwa wetu. Akibaki nje mmoja, mashuka yote yanarudi nyumbani, na sisi nayo. Damu mnaijua ninyi na mashine zenu. Sisi tunajua tulimfunika nani."

Baba Jonggi alimtazama mchungaji. Mchungaji akatazama viatu vyake. Rumondang akatoka kwenye safu ya nyumba ya kwanza, akavuka uwanja wote mbele ya watu, akaja kusimama karibu na sinia letu. Nadhani hilo lilimwuma kaka yake kuliko mashuka. Akaweka kipaza sauti chini, akaenda langoni, akapokea shuka la baba yetu kwa mikono miwili, ameinama. Kisha akaisoma nasaba yetu kwa sauti, jina kwa jina, mpaka kwa Togar mwana wa Binsar. Nilipanda ngazi na fuvu la baba kifuani, nikamlaza ndani. Ahadi ya Tahi ikawa imetimia.

Nilidhani yamekwisha. Lakini siku ya tatu Tahi alituita, mimi na Baba Jonggi na Rumondang. Rumondang alikuwa tayari kuyafuta majibu ya nyumba yetu katika maandishi yake. Tahi akamwambia aandike kama alivyoona, na Nias aiandike. Kisha akasema shimo la baba kule mlimani lisifukiwe.

"Nikifa niwekeni mle. Na msije mkanifukua."

Baba Jonggi aliona ni hasira. Aliomba radhi, akapiga magoti, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akasema nafasi ya Tahi mnarani imeshatengwa na hakuna atakayeigusa.

"Sina hasira na wewe, baba mdogo," Tahi alisema. Ilimbidi apumzike katikati. "Yule mtoto hakuvushwa bahari peke yake. Wenzake hawakufunikwa na mtu. Wamelala wapi?"

Baba Jonggi aliinuka kutoka magotini, akakaa.

"Binsar ana watu wengi wa kulala nao," Tahi alisema.

Alikufa Septemba. Tulimpandisha mlimani mchana, mihogo ikiwa imefika kiunoni. Baba Jonggi alivua viatu vyake vya kanisani, akashuka shimoni pamoja nami kumpokea, kisha akaniuliza kichwa tukielekeze wapi. Nikamwambia magharibi, kwenye bahari, ingawa kutoka pale bahari haionekani.