R Mbili za Dhahabu

...na si kosa la mashine, mashine haijui kusoma, hili ni kosa la mtu, mtu mwenye macho mawili na mshahara, alijisemea mwalimu mstaafu, kalamu mkononi, cheti cha shukrani kimelazwa mbele yake juu ya meza ya karani, katika ofisi ya chama kinachofundisha wasichana ushoni, jina la marehemu mkewe lina L mbili na hawa wamezigeuza zote mbili R, kwa wino wa dhahabu, wakazungushia na maua... "Saini hapo chini, babu, halafu tupige picha," alisema karani, "mkurugenzi hataki mchezo, kila mfadhili ashukuriwe kwa jina lake, ndani ya siku saba," kwa jina lake! jina la nani hili, huyu mwanamke wa R hajapata kuzaliwa, hakuishi naye miaka arobaini na mmoja, wala hakuikalia cherehani ile ambayo yeye aliileta hapa juzi, itolewe kwa jina la marehemu, kama mtu anayezika mara ya pili, "Jina limekosewa," alisema, "Wapi?" "Hapa. Na hapa," karani akainama, akatazama, "Ah, babu nawe! R na L si mtu na mdogo wake?" na fundi wa ushoni, simu tayari mkononi kwa picha, akadakia, "Huko aliko mama anajijua, barua haipotei," wakacheka, wanacheka!, fadhila ya punda ni mateke, lakini punda angalau hakupigi teke akakuambia utabasamu, akichane, akichane vipande vinne, adai cherehani irudi nyumbani leo hii, wasichana washone kwa mikono, kosa ni kosa, hakuna kosa dogo, ndivyo alivyowafundisha watoto wa watu miaka thelathini, kwa wino mwekundu, bila kumwonea haya mtu, hata mkewe... hata mkewe nini, aliyataka nani haya... mwaka ule wa kwanza alipomnunulia cherehani, jioni akakuta kikaratasi juu ya mto, *asante mume wangu umenifulahisha sana sitakusahau mirere*, naye akafanya nini, akatoa kalamu mfukoni, akazungushia duara, moja, mbili, akaandika Rudia, akakirudisha pale pale juu ya mto, na mke akarudia, safi, bila kosa hata moja, na tangu siku hiyo hakumwandikia tena hata neno, na yeye akadhani amefaulu... na duara la tatu, lilikuwepo la tatu, chini kabisa, kwenye jina, alikuwa ametia jina lake kwa R zote mbili, kwa mkono wake mwenyewe, kama mama yake alivyomwita mlangoni siku ya kuagana, kama kwao wote walivyomwita, mpaka yeye, bwana mwalimu, alipomwambia karani wa ndoa aandike L, ndiyo sahihi... "Babu, wino umekwisha?" aliuliza karani, "Bado," akajibu, kalamu haijagusa karatasi, fundi ameinua simu anasubiri, naye kimoyomoyo, kwa mara ya kwanza, anajaribu kumwita mkewe kwa R, na ulimi unakataa.