Aliyekwisha Kuugua Surua

Kwenye ploti anayokaa Zaitun, huko Majengo, mtoto akitoka vipele haulizwi daktari kwanza. Huulizwa ni nani amekwisha kuugua surua, maana huyo ndiye atakayemuuguza. Wengine wote wakae mbali. Na jambo hilo habishani mtu nalo.

Basi Rayyan, mtoto wa jirani yao Nuha, alipoamka na vipele usoni, macho yote yalimgeukia Zaitun. Surua aliyougua utotoni ilibaki kidogo imuue, na hadithi yake kila mtu pale anaijua. Akajitokeza kifua mbele, tumbo lake changa chini ya dera. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika, na hii ya tatu aliilinda kama mboni ya jicho. Hata ndoo ya maji hakuinua. Lakini surua? Surua haimrudii mtu.

Wifi yake Hikma alipokuja na uji wa mtoto, Zaitun alimzuia mlangoni. Hikma naye alikuwa na mimba, changa mno, siri yao wawili, na surua hajawahi kuiona. Zaitun alimwambia athubutu kuvuka kizingiti hicho aone. Hikma akacheka, akaacha uji, akaenda zake.

Mtoto akapona upesi ajabu. Nuha alisema wema hauozi, akamletea Zaitun sahani ya biriani, na Zaitun akaila yote bila kuona haya.

Baadaye vipele vikamtoka yeye mwenyewe. Akasema ni joto. Vidole vikamuuma hata kukanda unga wa mahamri kukamshinda, na Hikma akawa anakuja kila asubuhi kumkanda mikono kwa mafuta ya nazi, wakipiga soga vichwa vikikaribia kugusana. Sista Ndindi wa kliniki ya wajawazito ndiye aliyempapasa nyuma ya masikio, akakuta matezi yamevimba, akaacha kutabasamu. Akamtoa damu ikapimwe.

Leo alikuwa amefuata majibu.

"Mama, yule mtoto hakuwa na surua," alisema Sista Ndindi. "Ilikuwa rubela. Na wewe imekushika."

"Lakini mimi niliugua surua, sista. Uliza mtu yeyote Majengo."

"Surua haikukingi na rubela. Hayo ni magonjwa mawili."

Maneno mengine Zaitun aliyasikia yakipita tu: macho ya mtoto aliye tumboni, masikio, moyo; kwamba si lazima yatokee, ila mimba ikiwa changa hivi hatari ni kubwa; kwamba ataandikiwa aende kwa daktari bingwa. Alijishika tumbo kwa mikono miwili. Niliingia kwa miguu yangu mwenyewe, alijiambia, tena kwa maringo.

Sista Ndindi akamuuliza kama kuna mjamzito mwingine aliyekaa naye karibu siku hizi za vipele.

Zaitun aligeukia dirisha. Nje, kwenye benchi, Hikma alikuwa amekaa akimngoja, mkoba wa wifi yake mapajani. Alipoona anatazamwa, alitabasamu, akampungia mkono.

"Yule pale, sista," alisema Zaitun. "Ndiye hunikanda."