Siku Tisa Bila Salamu

Zakariya na Mutunga walikuwa hawasemezani, na kazi yao ilikuwa ya mlango. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Chumba cha barafu cha pale Liwatoni, kwenye gati la samaki, kina mlango mnene kama godoro, na kitasa chake cha ndani kilivunjika kabla ya Ramadhani. Ukifungiwa humo hutoki mpaka ufunguliwe na aliye nje. Ofisi iliambiwa mara nne, ikaandika mara nne. Basi wao wawili wakajiwekea desturi: anayefunga husimama kizingitini, humwita mwenzake kwa jina, na haligusi komeo mpaka aitikiwe. Zakariya aliita hata pale Mutunga aliposimama naye bega kwa bega. Makuli waliwacheka wakachoka.

Kisha akaja meneja mpya, Bi Trizah. Akasema kampuni imebanwa, chumba cha barafu kitabaki na mtu mmoja, na Ijumaa ya wiki itakayofuata atamtaja. Halafu, mbele ya watu wote, akamuuliza Zakariya mbona kila Ijumaa anarudi kutoka msikitini nusu saa baada ya wakati. Uso ulimwaka moto. Ana miaka arobaini na sita, watoto watatu na mama mgonjwa katika vyumba viwili nyuma ya Ndia Kuu. Kazi hii ikienda, ataanzia wapi? Na nani aliyepeleka umbea, kama si yule anayemshikia zamu akiwa msikitini?

Hakuuliza. Mtu mzima, ndevu zina mvi, akanuna kama mtoto aliyenyimwa kashata. Mutunga alipoona salamu yake haikuitikiwa asubuhi, naye akaifungia yake moyoni, maana ana kiburi chake. Siku ya kwanza ikapita, ya pili, hata zikafika tisa. Usingizi ukamhama Zakariya, mkewe akimsemesha anafoka. Alijua fika kwamba dini haimruhusu kumnunia ndugu yake Mwislamu zaidi ya siku tatu, akajitafutia upenyo: Mutunga ni Mkristo. Upenyo huo hata yeye aliuonea haya, lakini akapita nao.

Alhamisi, kabla ya adhuhuri, lori lilikwisha kupakiwa. Zakariya akaja kufunga. Alisimama kizingitini, akatazama ndani, asione ila ukungu wa baridi na makreti ya jodari yaliyopangwa mpaka juu. Jina lilikuwa limeshafika ulimini. Nimwite iwe nini, akajiambia. Atakuwa ameshaenda kula, na kesho huenda ndiye atakayecheka. Akausukuma mlango, akashusha komeo.

Alikaa nyuma ya jengo na viazi vyake vya karai, akitafuna bila kusikia ladha, huku anapanga maneno ya kumwambia Bi Trizah kesho. Akayapanga, akayapangua. Zikapita kama dakika ishirini. Adhana ilipolia alikwenda kwenye bomba, akavua buti za mpira, akatawadha. Akainama achukue ndara zake chini ya benchi.

Kando ya ndara zake vilikuwapo viatu vya Mutunga, vile vya ngozi vilivyoshonwa kwa waya. Mutunga haendi kula na buti hata siku moja. Mama wa chakula humfukuza kwa shombo. Zakariya akainua macho. Kwenye misumari yalining'inia makoti mazito ya kuingilia barafuni, yote mawili: kama Mutunga yumo humo, yumo bila koti.

Alikimbia miguu mitupu, maji ya udhu yanamtiririka. Komeo likamkatalia. Alilisukuma kwa bega mpaka likaachia, akaingia.

Mutunga alikuwa amejikunyata nyuma ya makreti, shati peke yake mwilini, nyusi zimefanya weupe. Alikuwa hai. Zakariya akamkokota mpaka juani, akamfunika makoti yote mawili, akamsugua vidole huku analia mbele ya makuli bila kujificha. Ilichukua muda mrefu mdomo ule kuweza kusema.

"Nilikuona," Mutunga akasema. "Ulisimama pale mlangoni. Nikangoja uniite."

"Mbona hukuniita wewe?"

"Nilisema, mara hii aanze yeye. Ulipofunga ndipo nikapiga kelele."

Zakariya alihisi baridi ile imeingia kwake. Akamuuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini alimsema kwa meneja. Mutunga akamtazama kama mtu anayetazama mjinga wake mwenyewe. Daftari la getini lina saa zote za kutoka na kurudi, akamwambia, na meneja anajua kusoma. Zakariya angemuuliza yeye tu siku ile ya kwanza.

Bi Trizah akafika mbio, akauliza nani aliyefunga mlango. Mmoja akaanza kusema huenda ni upepo. Zakariya akasimama, akijua kwamba neno hili linaichukua nafasi yake ya kesho na kazi yake.

"Ni mimi. Kawaida humwita kwanza. Leo sikumwita, kwa sababu nilikuwa nimemnunia."

Meneja aliutazama mlango uliobaki wazi, akaliona lile tundu ambamo kitasa kilikuwa, akalitazama kwa muda. Mwishowe akasema kwamba samaki wataharibika, mlango ufungwe.

Hakuna aliyesogea ila Zakariya. Aliusukuma mlango ukafika nusu, mkono ukagoma. Makuli wote walikuwa nje. Mutunga alikuwa hatua tano nyuma yake, juani, ndani ya makoti mawili, kila mtu anamwona.

"Mutunga!" akaita.

Meno ya Mutunga yalikuwa bado yanagongana, kwa hivyo jibu lilichelewa, naye Zakariya akalingoja, mkono uko kwenye komeo.

"Nipo nje, Zaka. Funga."