Kikombe Kimoja cha Tangawizi

Sauti ya Kidawa ilitoroka asubuhi ya harusi ya mdogo wake, Muna. Katika asubuhi zote za mwaka, sijui kwa nini iliichagua hiyo! Alifungua kinywa kusalimia, akatoa mkwaruzo mtupu. Na yeye ndiye aliyemwahidi Muna kasida ya kumtoa ndani. Muna naye keshaapa, bila dada yake kuimba hatoki.

Basi nyumba nzima pale Kirongwe ikachachamaa. Huyu analeta asali, yule limau, wa tatu anaponda karafuu. Kidawa akatikisa kichwa. Alikuwa amefunga. Siku moja ya Ramadhani iliyopita alikuwa bado hajailipa, na kwa uvivu wake, tusimfichie, aliisukuma mpaka leo, mwisho wa Shaabani. Mama yake akamkumbusha kuwa mgonjwa anayo ruhusa. Kidawa akanong'ona kwamba koo tu si ugonjwa wa kumlaza mtu.

Saa tisa akafika shangazi yao, Bi Biubwa, kutoka Chole, asiyejua habari za saumu. Aliposikia ule mkwaruzo alikwenda moja kwa moja jikoni, akachemsha tangawizi na mchaichai, akatia asali, akampa Kidawa kikombe kinafuka moshi. Kidawa macho yote yako kwa mdogo wake anayepambwa, jinsi hina ilivyomkolea. Akanywa. Akanywa chote! Joto likashuka, koo likaachia, ndipo mama yake akashika kichwa.

"Yallah, nimesahau," Kidawa akasema, na chumba kizima kikamsikia.

Sauti hiyo imerudi! Wanawake wakaangua vigelegele. Bi Biubwa alipoelezwa akasema saumu iko palepale, aliyesahau kanyweshwa na Mungu. Halafu, mjanja yule, akajaza kikombe cha pili, akakiweka karibu na Kidawa, akageukia dirishani kana kwamba hana habari.

Kidawa alikitazama. Koo lilikuwa linaanza kukaza tena, na nje wanaume walikwisha kusoma nikaha. Akakisogeza mbali.

"Hapana, shangazi. Cha kwanza kaninywesha Mungu. Hiki nitakuwa nimekinywa mwenyewe."

Akasimama mlangoni, akaimba. Ilikuwa sauti ya kikombe kimoja tu, nzito, ya chini, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, na wanawake wakapokea kiitikio hadi mabati yakatetema. Ubeti wa sita ikamkatikia kabisa. Lakini Muna alikwisha vuka kizingiti, analia huku anacheka, kamng'ang'ania dada yake shingoni, hataki kumwachia.